Wivu wa karama unalelewa na mimbari ya mtu mmoja

Tangu miili ya waumini zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa, ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Aprili 2023, serikali za ukanda wetu zimeyakazia macho makanisa na huduma za kiroho. Kenya iliunda jopokazi la kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya dini. Rwanda, ambayo tangu 2018 ina sheria inayowataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya theolojia ya kiwango cha shahada, ilifunga maelfu ya nyumba za ibada mwaka 2024 baada ya ukaguzi. Huku Tanzania mazungumzo ni hayohayo, kwenye vikao vya maaskofu na kwenye mabenchi baada ya ibada. Katika mazungumzo hayo kuna neno linalojirudia kila upande, nalo ni wivu. Kiongozi wa kanisa kongwe akihoji unabii wa kijana aliyefungua huduma yake, anajibiwa kwamba ana wivu na upako wa mwenzake. Mchungaji akimkataza muumini kwenda kwenye mkesha wa jirani, muumini anasema mchungaji ana wivu. Mwimbaji akihama kwaya, waliobaki wanasema amejaa majivuno, naye anasema amekimbia wivu.

Wivu upo, na umeyajeruhi makanisa mengi. Lakini nadhani tunauelewa vibaya. Tunauchukulia kama ugonjwa wa mtu mmoja mmoja, dhambi ya moyoni ambayo mhusika akaitubu chumbani kwake, kisha mambo yote yabaki kama yalivyokuwa. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya wivu wa karama, yaani vipawa ambavyo Roho huwapa waumini, inalelewa na namna tulivyoyapanga makanisa yetu: mimbari moja, jina moja kwenye bango, kapu moja la sadaka linalomtegemea mtu mmoja. Katika mpangilio huo karama ya mwenzangu ni hasara yangu hata kama nampenda. Mtume Paulo, aliyeandika juu ya jambo hili kwa kirefu kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Agano Jipya, hakuishia kuikemea mioyo. Aliipanga ibada yenyewe upya, na hapo ndipo tunapomwacha njiani.

Tukumbuke aliokuwa akiwaandikia. Korintho ya zamani, mji wa Ugiriki, ilibomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ikakaa karibu karne nzima ikiwa magofu, hadi Julius Caesar alipoagiza ijengwe upya kama koloni la Kirumi mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi wa walioletwa kuishi humo walikuwa watumwa walioachwa huru, watu wasio na ukoo wa kujivunia, waliopewa nafasi ya kuanza maisha katika mji wenye bandari mbili na fedha nyingi. Mji wa namna hiyo ni mji wa kutafuta jina. Kila baada ya miaka miwili jirani yake kulifanyika michezo ya Isthmia, na wasemaji hodari walikuja kushindana kwa ufasaha na kujipatia wanafunzi wa kulipa. Kijana wa Korintho alikua akijua kwamba mwalimu wako ndiye heshima yako, na mwalimu wa mwenzako ni mshindani wako. Watu haohao walipoamini, hawakuiacha tabia hiyo mlangoni. Watu wa nyumbani mwa Kloe walimpelekea Paulo habari kwamba kanisa limegawanyika, huyu akisema ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa, yaani Petro. Na karama za Roho, lugha, unabii, uponyaji, neno la maarifa, zikawa njia nyingine ya kupanda daraja.

Jibu la Paulo limo katika sura tatu mfululizo za Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho: ya 12, ya 13 na ya 14. Sisi tunaipenda ya 12 kwa sababu ya mfano wa mwili na viungo. Tunaipenda zaidi ya 13, nayo husomwa karibu kila ndoa inapofungwa. Ya 14 tunaisoma kwa ajili ya kubishana kuhusu kunena kwa lugha au kuhusu wanawake, halafu tunafunga Biblia. Lakini sura ya 14 ndiyo inayoonyesha upendo wa sura ya 13 unafanya nini siku ya Jumapili saa nne asubuhi. "Mkutanapo pamoja, kila mmoja ana zaburi, ana fundisho, ana ufunuo, ana lugha, ana tafsiri," anasema, kisha anaweka utaratibu: wanaonena kwa lugha wawe wawili, au wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri. Manabii nao wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Halafu unafuata mstari ambao, kwa maoni yangu, ungetosha peke yake kubadilisha makanisa yetu kama tungeuchukua jinsi ulivyo: "Lakini mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze."

Aliyesimama anatakiwa kumpisha aliyeketi. Paulo hasemi kwamba aliyesimama ni nabii wa uongo, wala kwamba neno lake limekwisha. Anasema anyamaze kwa sababu Roho amempa mwingine neno, na neno hilo ni la watu wote. Hapa karama imeondolewa mikononi mwa mwenye nayo kabla wivu haujapata pa kushika. Yule aliyeketi hahitaji kumchukia aliyesimama ili apate nafasi, kwa kuwa nafasi yake imeandikwa kwenye utaratibu. Na yule aliyesimama hahitaji kumwogopa aliyeketi, kwa kuwa alijua tangu mwanzo kwamba hakupewa mimbari iwe yake. Sura mbili kabla Paulo alikuwa ameshataja sababu: "Lakini kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana." Ikiwa karama imetolewa kwa kufaidiana, basi karama ya mwenzangu imetolewa kwa ajili yangu pia, na kuionea wivu ni kukataa zawadi niliyoletewa kupitia mikono yake.

Paulo mwenyewe aliliishi jambo hili mahali palipouma. Apolo alikuwa Myahudi wa Aleksandria, msemaji hodari, mtu wa Maandiko. Alipofika Efeso akifundisha huku akiujua ubatizo wa Yohana tu, Priskila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kisha ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha akavuka kwenda Akaya, yaani huko Korintho, akawafaa sana walioamini. Alikuwa na kila kitu ambacho mji ule ulikiabudu. Paulo, kwa maneno ya Wakorintho wenyewe, alikuwa mzito kwenye nyaraka lakini akiwapo mwilini ni dhaifu na maneno yake si kitu. Kundi lililosema "mimi ni wa Apolo" lilikuwa, kwa vitendo, linasema Paulo amepitwa. Sasa tazama mwisho wa waraka, sura ya 16, mstari wa 12, mahali ambapo wengi tunapita haraka kwa sababu ni salamu na mipango ya safari. Paulo anaandika kwamba amemsihi sana Apolo aende Korintho pamoja na ndugu wengine. Amemsihi! Anamwomba mtu ambaye jina lake linatumiwa kumpunguza yeye arudi palepale penye mashabiki wake, akahudumu. Na Apolo kwa upande wake hakupenda kabisa kwenda wakati ule. Paulo hatuambii sababu, lakini ni vigumu kutofikiri kwamba hakutaka kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake. Watu wawili ambao washirika wao walikuwa wakigombana kwa majina yao, mmoja anasukuma mwingine mbele, na mwingine anarudi nyuma. Ningependa kusikia mahubiri mengi zaidi kuhusu mstari huo.

Kwetu mara nyingi mambo huenda kinyume, na huanzia kwenye vitu vidogo. Katika kanisa moja ninalolifahamu, mpiga kinanda alikuwa na milio na midundo yake yote kwenye flashi. Ibada ikiisha aliichomoa akaitia mfuko wa shati, na kinanda kikabaki kama kilivyotoka dukani. Vijana wawili waliokuwa wakikaa karibu naye kila wiki hawakuruhusiwa kugusa hata kitufe. Alipougua, kwaya iliimba kwa makofi kwa muda mrefu, hadi mzee mmoja wa kanisa alipowaambia wale vijana wajaribu. Walikuwa wameshajifunza kwa kutazama vidole vyake tu. Sidhani kwamba mtu yule alikuwa mbaya kuliko wengine. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichompa heshima mbele za watu, na hakuna aliyewahi kumhakikishia kwamba akikigawa atabaki na heshima ileile. Kanisa halikuwa na utaratibu wowote wa kufundisha wapiga vinanda. Lilikuwa na mpiga kinanda.

Ukiongeza fedha, hali inakuwa ngumu zaidi. Mchungaji anayelipwa mshahara na dayosisi na kuhamishwa kila baada ya miaka kadhaa anaweza kumwonea wivu mwinjilisti wake, lakini mlo wa watoto wake haumtegemei mwinjilisti huyo. Mwanzilishi wa huduma binafsi aliyepanga ukumbi, akanunua vyombo kwa mkopo, akaandikisha taasisi kwa jina ambalo watu wanalijua kupitia kwake, yuko mahali pengine. Kijana wake wa maombi akianza kutumiwa na Mungu kwa nguvu na watu wakamfuata, kodi ya ukumbi inatikisika. Ndipo yanapoanza mafundisho ya kifuniko, kwamba asiye chini ya baba wa kiroho yuko wazi kwa mashambulizi, na kwamba kutoka bila kubarikiwa ni kujitakia laana. Nawahurumia watumishi wa aina hii, kwa sababu hofu yao ina msingi. Lakini hofu hiyo haipaswi kupewa jina la utaratibu wa Roho.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu wa kupishana kama ule wa Paulo ni wa Korintho ya karne ya kwanza, haufai kanisa la leo lenye watu elfu mbili na spika nane. Historia yetu inasema vingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na ushuhuda ndani ya makanisa, ambao watu wengi huuhesabu tangu Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Kampala mwaka 1929 na moto ukawaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, haukuwa na mwanzilishi mwenye bango. Uliendeshwa na vikundi vya ushirika vilivyokutana kila wiki. Mtu yeyote, mpishi wa misheni au mwalimu au mama asiyejua kusoma, aliweza kusimama na kushuhudia, na yeyote aliweza kumwuliza mwenzake, akiwemo mmisionari, kama bado anatembea nuruni. Wivu wenyewe ulikuwa miongoni mwa dhambi zilizotajwa kwa sauti mbele ya mtu aliyeonewa, si kwa fumbo. Kwenye makusanyiko makubwa, kama lile la Kabale mwaka 1945, neno lilihudumiwa na timu. Watu wengi walitoka humo wakaja kuwa viongozi wa makanisa: Festo Kivengere akawa askofu wa Kigezi, na Josiah Kibira wa Bukoba akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977.

Uamsho haukuwa paradiso. Mwaka 1941 wanafunzi kadhaa, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa sababu ya mvutano kati ya ari yao na uongozi wa chuo, na ndugu wenyewe baadaye waligawanyika kwa hoja za mavazi na namna ya kuishi. Hata hivyo jambo moja lilibaki: ule moto, uliokuwa na kila sababu ya kuzaa mamia ya madhehebu ya watu binafsi, kwa sehemu kubwa ulikaa ndani ya makanisa yaliyokuwapo. Naamini sababu mojawapo ni kwamba mwenye karama hakulazimika kutoka ili asikike.

Hoja ninayoiheshimu zaidi kati ya zinazopingana nami ni ya utaratibu. Wapinzani wangu wanasema kwamba ukimpa kila mtu nafasi, utampa pia mwongo, mgonjwa wa akili na mwenye tamaa, na kwamba Shakahola inatufundisha kubana, si kulegeza. Wana haki ya kuogopa. Lakini tuangalie vizuri kilichokosekana katika maafa ya namna ile. Hakosekani kiongozi mmoja mwenye nguvu, maana huyo yupo tele. Wanaokosekana ni wale "wengine" ambao Paulo alisema wapambanue, wale wanaoketi na kupambanua wakiwa na haki ya kusema kwamba neno hili silo. Mahali ambapo sauti ni moja, hakuna wa kupima sauti hiyo, na kupima kwenyewe kunahesabiwa uasi. Kanisa Katoliki liliandika katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, mwaka 1964, kwamba Roho hugawa karama kwa waamini wa kila daraja, na kwamba kuzipima ni kazi ya viongozi, ambao hawapaswi kumzima Roho bali kujaribu yote na kulishika lililo jema. Hapo kugawana na kupima vimewekwa katika sentensi zinazofuatana, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nafasi ya wengi pamoja na upimaji wa wengi ni salama kuliko nafasi ya mmoja asiyepimwa.

Kuna hoja nyingine kwamba ushindani huwaamsha watu, na kwamba Paulo mwenyewe alisema "takeni sana karama zilizo kuu." Sina ugomvi nayo. Kijana akimsikia mama fulani akiomba, akatamani aombe kama yeye, akaenda kumwuliza alijifunzaje kufunga na kudumu, hiyo ni njaa njema. Inaharibika pale anapoanza kuumia mama yule akiomba vizuri, na kufurahi sauti yake ikikwama.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba anayemhoji mtumishi ana wivu, na Maandiko yamesema "msiwaguse masihi wangu." Maneno hayo yako katika Zaburi ya 105, na mtunzi anaeleza yalisemwa lini. Ibrahimu, Isaka na Yakobo walikuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Onyo lile lilitolewa kwa wenye nguvu ili wasiwadhuru wanyonge. Kuligeuza liwe ngao ya mwenye walinzi dhidi ya mjane anayeuliza sadaka yake ya mbegu ilikwenda wapi ni kulipindua kabisa. Tena upako ambao Agano Jipya linautaja, Yohana katika waraka wake wa kwanza anasema walio nao ni wasomaji wake wote. Na mfano mkubwa zaidi ni wa Musa. Eldadi na Medadi walipotabiri kambini bila kwenda hemani pamoja na wenzao, Yoshua alitaka wakatazwe, kwa nia njema, ili heshima ya bwana wake isipungue. Musa akamwuliza, "Je! Umekuwa na wivu kwa ajili yangu?" akasema ingekuwa heri watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Wivu ulikuwa kwa msaidizi aliyekuwa akimlinda mtumishi. Wale wawili waliotabiri hawakushtakiwa kwa lolote. Wasaidizi wa namna ya Yoshua tunao wengi kwenye milango ya ofisi za watumishi wetu, na akina Musa wa kuwauliza swali hilo ni wachache.

Ikiwa nilichosema ni kweli, basi kazi haiko kwenye mahubiri peke yake. Iko kwenye ratiba ya ibada, kwenye katiba ya kanisa na kwenye daftari la mweka hazina. Jumuiya ndogo ndogo tayari zinatuonyesha njia: wiki hii nyumba hii, msomaji yule, wiki ijayo wengine, na hakuna anayelia kwamba ameporwa. Baraza la wazee linaweza kuamua kwamba kila mwenye huduma, awe mwalimu wa Shule ya Jumapili, mpiga kinanda, kiongozi wa maombi au mhubiri, awe na watu wawili anaowafundisha, na kwamba kwenye taarifa ya mwaka aulizwe amewafikisha wapi. Neno la unabii linaweza kupewa watu wa kulipima, waliotajwa kwa majina, kabla halijatangazwa kwa kipaza sauti na kurushwa mtandaoni. Posho ya mtumishi inaweza kutenganishwa na idadi ya waliokuja Jumapili ile, ili asihesabu viti wakati mwenzake anahubiri. Na kijana anayetaka kutoka kwenda kuanzisha kazi mahali pengine aombewe mbele ya watu na kupewa nauli, kama kanisa la Antiokia lilivyowaachia Barnaba na Sauli wakati lilikuwa na manabii na walimu watano tu waliotajwa kwa majina, na hao wawili walikuwa miongoni mwao.

Haya yatawagharimu walio juu zaidi ya walio chini, na ndiyo sababu hayafanyiki. Mchungaji atakayempisha mzee wa kanisa ahubiri mara moja kwa mwezi atagundua kwamba watu wengine wanamwelewa mzee kuliko yeye. Itauma, na itabidi amwambie mtu. Ndugu wa Uamsho wangemshauri aende nyumbani kwa mzee yule jioni hiyohiyo, amwambie kwamba alipokuwa akihubiri moyo wake haukutulia, kisha wapige magoti pamoja na kupanga nani ataongoza ibada Jumapili inayofuata.